Mahali Papa Feruzi Alipozima Gari

Papa Feruzi alipigwa risasi akiwa ameinua mukono wa kuume. Hakuuinua juu ya kujisalimisha. Aliuinua kutunyamazisha, mimi na shangazi Mwavita, sababu mudogo wangu Riziki alikuwa anaangalia, na kwa Papa Feruzi muntu anayeangalia hasemeshwi.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa unatoka mu pori kipande kwa kipande. Miti ya karibu myeusi, ya nyuma yake rangi ya buluu, na ya mbali kabisa ungesema imechorwa kwa maji tu. Chini, upande wa kuume, Lualaba imelala inang'aa. Nyuma yetu moshi wa Kailo ulikuwa unapanda wima, nyumba kwa nyumba, na Riziki alikuwa anautafuta moshi wa nyumba yetu. Alikuwa amevaa kanga mpya za harusi. Machozi yalikuwa yamekatika.

Ndipo watu wakatoka katikati ya mikahawa, miti ya kahawa ya zamani, na bunduki. Aliyewatangulia tulimjua wote. Alikuwa anaitwa Komanda Kisu. Akasema, kama muntu anayemlaumu rafiki yake:

"Papa Feruzi, umekawia. Tuko nakungoja hapa toka alfajiri."

Papa Feruzi hakushusha mukono. Akamujibu kwa sauti ya chini, sauti yake ya kazi: "Ngoja kidogo, mukubwa. Mutoto iko naaga kwao."

Kisu akacheka. Risasi ikalia. Ndege wale wakubwa wenye midomo mirefu wakaruka kutoka miti yote mara moja, mabawa yakavuma kama treni, na ninawaambia mbele ya Mungu, watoto wangu, jicho langu liliwafuata wao kwanza kabla ya kumwangalia Papa Feruzi. Uzuri ulikuwa umenishika hivyo. Risasi ya pili ilinipata kwenye goti la kushoto, muguu wa kukanyaga embrayaje, ile klachi. Riziki wakamukokota kuingia mu pori. Kanga yake moja ilibaki kwenye muti wa kahawa.

Nitarudi hapo. Kwanza niwape kazi, sababu kazi ndiyo mulitaka, kazi njo mulikuja kuniuliza.

Ninyi ni vijana munaoendesha jipu mpya za Patroni Makonga, mwenye oteli kule Kasuku, mutaa wa Kindu. Alinituma niwafundishe namna ya kuwatembeza wageni kwa barabara ya Kailo, na kutoka pale kuelekea Lubutu, waone uzuri wa Maniema. Alisema hakuna tena anayeijua kazi hiyo isipokuwa miye, Asumani, muguu mubovu. Hapo hakusema uongo. Nimekubali. Na sababu ninyi muko wengi na muguu wangu haupendi kusimama, nimeyaandika mafundisho kama ninavyoyasema.

Kazi yenyewe tuliipata kwa daktari mumoja wa inchi ya Ekosi, ile wengine wanaiita Uskoti. Tulimwita Bwana Aleki. Alikuwa anatibu macho Kindu, miaka ya kabla ya vita, wakati Papa Feruzi alikuwa chofere mukubwa wa Makonga na mimi ninajifunza volani, usukani, kwake. Siku moja akaja kukodi jipu.

"Unaenda kuona nani?" Papa Feruzi akamuuliza.

"Hakuna muntu."

"Unapeleka mizigo gani?"

"Hakuna."

"Kuko kilio? Kuko ndoa?"

"Hapana, Papa. Ninataka kuangalia tu."

Papa Feruzi akanigeukia, uso haucheki hata kidogo. "Asumani, mushike kwenye paji. Huyu muntu iko na homa."

Lakini alikuwa muzima. Kule kwao, akatuambia, watu wanajaza mafuta mu gari, wanabeba chai, wanatembea siku nzima juu ya kuona mulima na ziwa, halafu wanarudi nyumbani mikono mitupu na wamefurahi. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Papa Feruzi hakucheka. Alimuuliza: "Na chofere wa kule, anajuaje njia gani itafurahisha?"

Daktari akamuangalia vizuri. Nafikiri hakuna muntu aliyewahi kumuuliza hivyo. "Hiyo ni kazi," akasema. "Inapangwa."

Toka siku ile Papa Feruzi akabadilika. Alikuwa muntu wa mizigo, mafuta ya mawese na muchele na mabati. Sasa nikimukuta garaji amesimama anaangalia barabara tu, mikono nyuma, kama muntu aliyeambiwa kuwa mwanamuke anayekaa naye miaka yote ni binti wa mufalme.

Somo la kwanza alilonipa liliniumiza kichwa, kichwa chenyewe, sababu kiligonga bati la jipu kila niliponyanyuka kutafuta cha kuona. Alininyang'anya volani akaniketisha kwenye kiti cha abiria, akaniendesha mpaka Kailo na kurudi. Kabla ya hapo nilikuwa nimemupangia Bwana Aleki njia, najisifu: barabara laini, hakuna shimo, hakuna matope. Ni ileile aliyonipitisha. Tulipofika Papa Feruzi akaniuliza: "Umeona nini?"

"Majani."

"Majani gani?"

"Majani tu, Papa. Ukuta wa majani, huku na huku."

"Aha. Chofere anaona mashimo. Abiria anaona dunia. Weye umemupangia muzungu wa watu njia ya kufurahisha pine za gari!"

Basi mushike hilo. Kabla hujamupeleka mugeni popote, keti mahali atakapoketi yeye. Barabara mbovu inayopita juu ya kilima inaishinda barabara nzuri inayopita mu bonde, hata kama makalio yatalia. Muntu anasahau makalio yake kesho.

Jua nalo liheshimuni. Pori letu saa ya adhuhuri ni kitu kimoja cheusi, halina sura. Asubuhi na jioni linafunguka, unaona kuwa kumbe lina vyumba na madirisha. Ukitoka Kailo kuja Kindu, ondoka mapema, jua likusukume kwa nyuma na muto ukae upande wa abiria. Ukienda Kailo, vuka muto na baka, kile kivuko, upande wa Alunguli ukiwa umekwisha kula, ili saa ya kasuku ikukute njiani. Kasuku wanarudi kulala makundi kwa makundi, wanapiga makelele kama soko, na mikia yao myekundu inashika jua la mwisho. Nimewaona mara nyingi kuliko nywele zangu zilizobaki. Kila mara mudomo unafunguka wenyewe.

Na mvua musiikimbie. Bwana Aleki alitufundisha hilo. Kwao, alisema, mvua inanyesha kama kazi ya serikali, hakuna anayejua itakwisha lini, na muntu akingoja jua hataondoka nyumbani. Anaondoka katika mvua ileile, sababu mwanga unaokuja nyuma yake hauna mfano. Sisi tulikuwa tunajificha. Tulipoanza kutembea nyuma ya mvua tuliona barabara yenyewe inatoa moshi, na vipepeo wanashuka kunywa kwenye matope, weupe na wa buluu, wamejaa mpaka hauoni udongo. Ukifika hapo, zima gari mbali. Mwambie mugeni ashuke, atembee katikati yao polepole. Watapanda wote, watamufunika, halafu watashuka tena nyuma yake kama hakupita muntu. Nimemuona mufanyabiashara mumoja wa Goma, muntu mwenye makelele, anayegombana na askari wa kila barieri njiani, ametoka mule katikati amevua kofia. Njia yote iliyobaki alikuwa anaishika mapajani.

Mugeni asiangalie na njaa. Papa Feruzi aliniambia tumbo lina wivu, likiwa tupu halikubali macho yale peke yao. Mupe kwanza wali na sombe, majani ya muhogo, mahali safi, kwa mama unayemujua, halafu mupeleke kwenye uzuri.

Na ufunge mudomo. Hapo njo niliadhibiwa kuliko pote. Tulikuwa tunapeleka masista wawili wageni, na mimi kila kona: "Mama, angalia kule! Sasa itakuja nyingine nzuri zaidi! Bado kidogo!" Tuliporudi Papa Feruzi alinisimamisha mbele ya garaji.

"Asumani, mama yako akikupikia samaki, anakutafunia pia?"

"Hapana, Papa."

"Basi acha kuwatafunia watu."

Kwake chofere anapunguza mwendo, anazima, anakaa kimya. Mugeni aone mwenyewe, aamini ni yeye aliyepagundua. Kama mwenzake anataka kumusemesha, anyamazishwe kwa mukono tu, vile. Kile kimya alikuwa anakilinda kama muntu wa musikiti. Alisema gari likizimwa pori linahesabu kidogo, linahakikisha umetulia, halafu linaanza tena kuongea, na hapo njo safari inaanza.

Kabla ya Bwana Aleki kurudi kwao, walikaa wawili kwenye mchanga wa garaji wakapanga safari ya Ekosi. Nilikuwepo, nimekaa juu ya pine. Daktari alikuwa na likizo, anataka kuwatembeza wazazi wake wazee kwa gari kuizunguka inchi yake upande wa kaskazini. Akachora kwa kijiti: hapa maziwa marefu, hapa milima, hapa bahari inaingia kati ya milima kama kidole.

"Milima hiyo iko na miti?" Papa Feruzi akauliza.

"Mingi haina. Majani mafupi tu, na mawe."

"Iko uchi?"

"Uchi kabisa."

"Masikini. Nani alikata?"

Daktari alicheka, halafu akasema ni hadithi ya kale na si nzuri, matajiri na kondoo na watu waliofukuzwa kwenye mashamba yao. Papa Feruzi akaitika polepole. Hilo alilielewa bila kuchorewa.

Akaweka kidole kwenye mchoro. "Usianze na huu mulima mukubwa. Wazee wakiuona asubuhi, vingine vyote vitakuwa vidogo. Wapitishe kwanza kwenye ziwa. Wape chakula. Halafu kona hii... mulima uwatokee ghafula."

"Lakini hivyo njia inakuwa ndefu."

"Wanakimbilia wapi?"

Alikosea pia, musifikiri hakukosea. Alimulazimisha daktari kuahidi atabeba mafuta ya ziada ya kumupa mwenye baka, na atapeleka sabuni na chumvi kwa chifu wa kila ziwa. Daktari akasema maziwa hayana chifu. Papa Feruzi hakukubali. "Yuko. Ninyi hamumuulizi tu, njo maana mvua haiishi."

Kitu kimoja cha kule kilimuingia kabisa. Daktari alisema barabara zao za milimani ni nyembamba, gari moja tu, lakini kila mwendo mufupi kuna kipande kilichopanuliwa. Mwenye kukifikia kwanza anangoja, mwenzake anapita, na wote wawili wanainua mukono kushukuru. Kondoo wakilala njiani gari linangoja kondoo pia, na hakuna anayepiga honi. Papa Feruzi aliona hiyo kuwa heshima kubwa kuliko mulima. Alikwenda kijiji kwa kijiji kwenye barabara ya Kailo, akaongea na wazee, wakapanua vipande kama vile. Hapo zamani malori mawili yakikutana ilikuwa matusi mpaka jioni. Baadaye ikawa mukono juu, "Pita, yaya!" kama kwa kaka mukubwa, na mukono juu tena. Vile vipande muvionavyo leo njiani, vimeota majani, munaegesha pikipiki mukijisaidia, ni vyake.

Daktari aliondoka. Baadaye muntu wa misioni akaleta picha kutoka kwake: ziwa refu, njia nyembamba kando yake, na gari dogo jekundu limesimama kwenye kipande cha kupishana, vizee viwili vimeegemea kapo, mufuniko wa injini, migongo kwetu, vinaangalia. Nyuma ya ziwa, mulima. Papa Feruzi aliibandika mu jipu juu ya kioo cha mbele. Abiria wakiuliza alikuwa anajibu: "Ile safari njo miye niliipanga."

Hiyo picha munaijua. Nitafika.

Sasa muelewe desturi moja. Kwetu binti akichukuliwa na gari kupelekwa kwa mume, machofere wa zamani walikuwa wanakimbiza gari tu, binti analia mpaka Kindu. Papa Feruzi aliona hiyo ni kazi chafu. Alianza kuwasimamisha mabibi harusi mahali pa mwisho panapoonekana kwao. Binti anashuka. Anaangalia moshi wa nyumba yao mpaka amalize mwenyewe, hahimizwi. Akipanda, gari halisimami tena. Watu waliita kuaga kwa macho. Familia zikawa zinakataa chofere mwingine yeyote. Na kila binti alimutafutia mahali pake, sababu si nyumba zote zinaonekana kutoka sehemu moja.

Riziki ni mudogo wangu, tumbo moja. Vita vilikuwa vimeanza tena lakini upande wetu kulikuwa na utulivu, na watu hawawezi kungoja vita viwape ruhusa ya kuoa. Mume alikuwa Kindu. Papa Feruzi akasema mutoto wa nyumba yake, maana mimi nilikuwa wa nyumba yake, hatapewa mahali palipotumika. Akaenda peke yake kwa muguu, akapanda mu shamba la kahawa lililoachwa na wakoloni, akafyeka kanjia. Hakuna gari lililowahi kusimama pale. Hakuniambia hata miye. "Utapaona pamoja na yeye," aliniambia.

Muntu mumoja tu aliambiwa. Ilikuwa sheria ya garaji kuwa patroni lazima ajue gari litasimama wapi, ili likiharibika ajue pa kulitafuta. Nilikuwa chini ya jipu, ninapaka grisi, ninaona viatu vyao tu. Viatu vya Makonga vilikuwa vya rangi ya chai.

"Utasimama pa kawaida?" Makonga akauliza.

"Hapana, patroni. Kahawa ya zamani, juu ya mulima. Njia nimeifyeka miye mwenyewe, hakuna anayeijua."

"Asubuhi?"

"Asubuhi, ukungu ukipanda."

Viatu vikasimama kidogo. Halafu vikaenda.

"Tuko nakungoja hapa toka alfajiri." Nililala pale na goti langu, na mbele ya pua yangu, chini ya mikahawa, nikaona maganda ya karanga, chungu nzima. Watu wanaopita njia hawali karanga namna ile. Wale walikuwa wameketi. Walijua mahali, walijua saa, walimwita dereva kwa jina. Shangazi Mwavita alinifunga goti kwa kilemba chake, watu wa kijiji wakanibeba juu ya baiskeli wakinisukuma mpaka muto. Papa Feruzi walimzika palepale, uso kuelekea kibla na, kama nilivyoambiwa, kuelekea ukungu kidogo.

Na jipu? Walilichukua. Halafu lilirudi. Magari ya watu wengine yalichomwa, yalifanywa mifupa barabarani, lakini jipu la Makonga lilirudi garaji likiwa zima, kioo kizima, na picha ya ziwa iko juu ya kioo haijaguswa. Toka hapo, wakati sisi wote tulikuwa tunasukuma baiskeli, malori ya Makonga njo yalipita peke yake barabara ya Kailo vita nzima, na barieri za Kisu zinafunguka zenyewe.

Sasa picha ile iko mu fremu kwenye oteli yake, juu ya meza ya kupokea wageni. Munapita mbele yake kila asubuhi mukienda kuchukua funguo. Hamukuuliza ilitoka wapi.

Kisu alikufa kwa homa upande wa Lubutu, kitandani, bila kuulizwa neno. Shangazi Mwavita alikufa akiuliza Riziki iko wapi. Muguu wangu ulikataa embrayaje, nikawa muntu wa kutengeneza pine kando ya soko. Wako watu Kindu wanaoniambia usoni: ninyi na Papa Feruzi wenu muliwazoesha watu kusimama ovyo mu pori kuangalia majani, njo maana alikufa. Ninawajibu hapana. Kosa halikuwa la muntu aliyezima gari. Hakuna siku nitakubali kuwa uzuri njo uliua. Muntu aliongea. Kuongea njo kuliua.

Makonga aliponiita juzi alinipa kiti na chai. Amenenepa, anapumua kwa kazi. Alisema wageni wanaanza kurudi, watu wa mashirika, watu wanaotaka kuona pori, na yeye amejenga mahali pazuri pa kusimama, na mabenchi na paa, juu ya mulima, kwenye kahawa ya zamani.

"Nani alikuonyesha pale?" nikamuuliza.

"Asumani, ndugu yangu. Mambo ya vita tuliisha kuyazika."

"Papa Feruzi alizikwa na watu wa kijiji. Weye ulizika nini?"

Alikoroga chai yake. "Weye unajua njia. Fundisha vijana. Vita ilikuwa kwa kila muntu."

"Riziki iko wapi?"

"Miye nitajuaje?"

Alijibu haraka. Muntu asiyejua angeuliza kwanza: Riziki gani?

Kabla ya kukubali kazi hii nilimuomba kijana wa pikipiki anipeleke pale. Nilitaka pawe pabaya. Nilitaka moto uwe umepita, miti imekatwa, mulima uko uchi kama ile ya Ekosi, ili nisiwe na deni napo. Tulifika asubuhi. Nikapita mabenchi yake, nikasimama kwenye muti wa kahawa, na ukungu ukaanza kupanda. Watoto wangu, pale hapakujua kitu. Miti ya karibu myeusi, ya nyuma yake ya buluu, ya mbali maji. Lualaba imelala vilevile. Moshi wa Kailo ulikuwa mwingi kuliko zamani, mabati mapya yanang'aa, na mimi nikawa ninatafuta moshi wa nyumba yetu, ambayo haiko tena. Ndege wale wakapita juu yangu na mabawa yao. Nililia, na katikati ya kulia niliona kuwa ninaangalia, nimeshikwa kama siku ileile. Papa Feruzi alichagua vizuri mno. Vita vilipita na kurudi na kupita, na chaguo lake bado liko sawa.

Kijana wa pikipiki alikuwa mwenyeji wa Kasuku, hajui historia yoyote. Alizima pikipiki. Alianza kusema kitu, akaacha. Hakuna aliyemufundisha.

Basi haya njo mafundisho yangu, nimemaliza, imebaki safari moja. Muifanye kabla ya kumupeleka mugeni yeyote.

Mwambieni patroni wenu kuwa munataka kumujaribishia njia, yeye njo awe abiria wa kwanza. Atakubali, anapenda kupewa cha kwanza. Muvushe na baka, mulale Kailo, muondoke mapema, jua liwe nyuma. Muketisheni kiti cha kuume, upande wa muto. Mukipishana na lori kwenye kipande cha Papa Feruzi, inueni mukono, mumuache ajiulize ni desturi ya nani. Mumupe wali na sombe njiani, ashibe, asiseme kuwa njaa ilimusumbua. Musiongee naye. Mukifika kwenye kahawa ya zamani zimeni gari, mumushushe, na musimuonyeshe kitu hata kwa kidole. Pori litahesabu kidogo, halafu litaanza kuongea. Nitakuwa nimekaa pale kwenye benchi lake.

Ukungu ukipanda, na anayemukumbuka Riziki akamuona mu mawazo pale mbele, nitamuuliza mbele yenu: Makonga, siku ile ulitoka garaji na viatu vyako vya rangi ya chai ukaenda kumwambia nani? Na ulipopewa jipu lako likiwa zima, hukuuliza yule binti aliyekuwa ndani yake alipelekwa wapi?

Funguo za gari zitakuwa mikononi mwenu. Akitaka kulia, alie. Akitaka kukasirika, akasirike, pale ni mbali na hakuna wa kumusikia. Inueni mukono tu, vile, munyamaze. Na musiwashe gari mpaka amejibu.